Watatu hawatoshi nafasi moja

Mhariri,

Kugawa wauguzi wa idara ya dharura kwa idadi ya vitanda ni kujidanganya. Hesabu wagonjwa wanaoingia kila saa, na uzito wa hali zao. Huko California, Marekani, kanuni inadai muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne wa dharura, mmoja kwa wawili mahututi; anayepanga wagonjwa mlangoni hahesabiwi.

Kosa kubwa liko kwenye zamu. Nafasi moja ya usiku na mchana ni saa 168 kwa wiki. Muuguzi akifanya 40, wanahitajika 4.2, ukiongeza likizo na ugonjwa, watano. Hospitali nyingi huajiri watatu, wa asubuhi, jioni na usiku, zikadhani zimemaliza. Na muuguzi akimsindikiza mgonjwa eksirei, waliobaki vitandani wanaangaliwa na nani?

Muuguzi, Mombasa