Barua kwa Dada Chebet kuhusu ubongo wa watoto wachanga

Kisumu

Dada Chebet,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi sote tu wazima, na natumaini nanyi huko Nakuru mko salama. Umeniuliza ni kifaa gani wodi yenu iombe kwanza ili ifuatilie hali ya ubongo wa watoto wachanga bila kuwachoma wala kuwaumiza.

Ningekuwa katika kamati yenu, ningeomba kwanza mashine ya kurekodi umeme wa ubongo, ile ya elektrodi chache, yaani vipokea umeme vidogo, kichwani, ambayo huikusanya rekodi ya saa nyingi katika ukanda mfupi unaosomeka kwa haraka. Wewe na mimi tulifunzwa kumtazama mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa: je, anatafunatafuna bila kitu mdomoni, amekaza macho upande mmoja, anakaza mkono? Lakini degedege nyingi za watoto wachanga hazionyeshi dalili yoyote ya nje, na mitetemo mingi tunayoiogopa si degedege hata kidogo. Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kwamba baada ya fenobabitoni, dawa ya kuzuia degedege, mwili wa mtoto unaweza kutulia huku degedege zikiendelea ndani ya ubongo, nasi tukaandika kwenye faili kwamba amepata nafuu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, ukingo wa chini wa ukanda huo hutarajiwa kuwa juu ya mikrovolti 5 na ule wa juu kupita 10, na muuguzi anaweza kufunzwa kuyatambua hayo usiku bila kumsubiri bingwa wa mishipa ya fahamu. Mashine hiyo ina mipaka yake: degedege fupi, au zilizo mbali na elektrodi, huipita, na mapigo ya moyo au misuli huweza kuichafua rekodi.

Ultrasaundi, ile inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, naiweka ya pili, kwa sababu pengine hospitali yenu tayari inayo na kinachokosekana ni kipimio kidogo kinachotosha utosini. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati haina mbadala wa karibu, kwani damu inayovujia ubongoni mwao kwa kawaida huvuja katika siku 3 za kwanza.

Kifaa cha mwanga wa infraredi, kinachopima oksijeni katika damu ya ubongo kupitia fuvu jembamba la mtoto, kinavutia sana, na mwanasayansi Frans Jöbsis alikwisha kuonyesha msingi wake mwaka 1977. Hata hivyo, utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliohusisha watoto 1,601 waliozaliwa mapema mno, haukuonyesha kwamba kuongoza matibabu kwa kipimo hicho kulipunguza vifo au madhara makubwa ya ubongo. Kisubiri.

Jambo moja nakusihi ulisimamie. Mtu akipendekeza kwamba mashine ya umeme wa ubongo iletwe pamoja na godoro la kumpoza mtoto aliyekosa hewa hadi nyuzi 33.5 kwa saa 72, kama wafanyavyo katika nchi tajiri, mkumbushe utafiti wa HELIX wa mwaka 2021, uliofanyika India, Sri Lanka na Bangladesh, ambamo watoto waliopozwa walikufa kwa wingi zaidi kuliko wale waliotunzwa bila kupozwa. Hali za wodi zetu ziko karibu zaidi na za huko kuliko za Ulaya.

Usisahau pia njia ya daktari Heinz Prechtl ya kutazama mijongeo ya mtoto, ambayo haihitaji chochote ila kamera na jicho lililofunzwa. Mtoto afikapo umri wa miezi 3 hadi 5, hulazwa chali akiwa macho na ametulia, akarekodiwa kwa dakika chache; akikosa vile vijongeo vidogo vidogo vya shingo, mikono na miguu ambavyo ni vya kawaida kwa umri huo, hatari ya kupooza kwa ubongo ni kubwa, na mazoezi ya viungo yanaweza kuanza mapema. Akina mama huja kliniki kwa chanjo wakati huo huo, kwa hiyo hakuna safari ya ziada wala nauli ya ziada.

Mtakapoandika ombi, tajeni elektrodi za mwaka mzima, betri ya akiba kwa ajili ya stima inayopotea, na mafunzo kwa wauguzi wa zamu ya usiku. Nitumie rasimu kabla haijaenda kwa kamati, niisome.

Wako akupendaye,
Auma