Kwa mliojiunga Mastodon wiki hii

Habari za jioni wapendwa, na karibuni sana wageni wetu. Wengi mmeniandikia pembeni kwamba kule Mastodon, mtandao wetu mpya wa kijamii, kumepoa, hakuna watu. Watu wapo! Ila Mastodon haina algorithimu ya kukuchagulia cha kuona. Ukurasa wako wa mwanzo unajazwa na wale unaowafuata na wanachokisambaza, ya karibuni yakiwa juu. Usipofuata mtu, utakuta patupu. Anzeni hata na watu thelathini, na mfuate hashtegi ya #Kiswahili pia.

Anwani ina sehemu mbili kama barua pepe: jina, kisha seva, yaani kompyuta inayotunza akaunti yako. Jana dada mmoja tulimtafuta karibu nusu saa kwa sababu alitupa jina peke yake. Tumeni yote.

Alama ya nyota chini ya chapisho humfurahisha mwandishi tu, haisambazi kitu. Ukitaka chapisho lifike mbali, bonyeza ile mishale miwili.

Na hili naomba sana mlishike: ujumbe wa faragha kule haufichwi kama wa WhatsApp, msimamizi wa seva anaweza kuusoma. Namba za simu tupeane hapa hapa WhatsApp.

Aliyekwama aniite, nipo hadi saa nne usiku.