Risala ya Wakazi na Wafanyabiashara wa Jirani na Steji ya Malindi kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja wa shule yako, wazee wa mtaa, maimamu na wachungaji mliofika, kina mama na vijana, assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote. Itifaki imezingatiwa.

Tunasimama mbele yako kwa niaba ya wenye nyumba, wapangaji, wenye maduka, wauza vyakula na madereva wa tuktuk wa mitaa inayozunguka steji ya matatu hapa Malindi. Tumekualika kwa kuwa umesomea mipango ya miji, na neno lako husikilizwa kanuni za matumizi ya ardhi zinapoandikwa. Karibu sana, na asante kwa kukubali kuketi nasi juani.

Ombi letu kubwa ni moja. Mitaa iliyo umbali wa kutembea kutoka steji itambuliwe na kanuni kuwa mitaa ya makazi na biashara kwa pamoja, duka chini na watu juu, bila mwenye ploti kulazimika kuanza maombi upya kila anapotaka kuutumia mlango wake wa mbele kutafuta riziki.

Mheshimiwa, tukueleze nyumba moja tu. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, baraza mbele. Chumba cha mbele kilitobolewa dirisha pana la kuuzia kabla wengi wetu hatujazaliwa. Saa kumi na moja alfajiri mama mwenye nyumba ameshakanda na kusukuma, na mahamri ya kwanza yanatoka karaini wakati makanga wa gari la Mombasa bado wanaita abiria. Mbaazi za nazi hazifiki saa mbili. Ikifika saa nne, dirisha lile lile linauza sabuni, kredi ya simu na maji baridi. Magharibi ikishapita, wajukuu wanafanya kazi za shule barazani kwa taa ya duka. Vyumba vya nyuma vimepangishwa kwa mhudumu wa hoteli, fundi cherehani na muuguzi. Katika nyumba nzima hakuna mwenye gari, na wote hufika kazini kwa miguu au kwa kupanda chombo pale steji.

Kwenye karatasi, ploti ile ni ya makazi peke yake. Kuna wakati mama huyo aliletewa notisi: afunge dirisha au aombe kubadilishiwa matumizi ya ardhi. Kuomba maana yake ni kumlipa mtaalamu aliyesajiliwa aandae maelezo na michoro, kulipia tangazo la umma, kulipa ada, kisha kusubiri. Aliuza bangili zake akaanza safari hiyo, na mpaka leo hajapewa jibu la kueleweka. Hatukuja kumshtaki mtu wala ofisi. Tumekuja kusema kwamba kanuni inayomfanya mama huyu kuwa mvunja sheria ndiyo yenye kasoro. Yeye hana kosa.

Sheria yenyewe inatupa nafasi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa serikali za kaunti mipango na maendeleo ya kaunti, na papo hapo ikawapa uchukuzi wa kaunti, yaani barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Kisha ikaja Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, iliyochukua nafasi ya ile ya 1996. Kwa hivyo wanaoamua wapi watu wajenge ni hao hao wanaoamua wapi magari yasimame. Hatuoni sababu ya maamuzi hayo mawili kufanywa kana kwamba yanahusu miji miwili tofauti.

Tunajua pia kwamba kutenganisha makazi na biashara kulikuwa na sababu zake. New York ilitunga kanuni zake za ukanda, yaani za kuugawa mji kwa matumizi, mwaka 1916, na mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaubariki mtindo huo katika kesi ya kijiji cha Euclid, zama ambapo kiwanda kingeweza kusimama ubavuni mwa chumba cha kulala. Moshi na kelele za kiwanda ni sababu nzuri. Lakini dirisha la mahamri linamdhuru nani? Japani wana aina 13 za maeneo ya matumizi ya ardhi, na hata katika aina iliyo kali kuliko zote kwa makazi ya chini, mtu anaruhusiwa kuwa na duka dogo ndani ya nyumba anayoishi, mradi lisizidi mita 50 za mraba wala nusu ya nyumba. Nchi yenye treni zinazosifiwa dunia nzima haikuona aibu kulilinda duka la jirani. Na huna haja ya kwenda mbali hivyo. Ndugu zetu wa Lamu wana Usita wa Mui, njia kuu ya mji wao wa kale, maduka na nyumba vimeshikana, watu na punda wanapita, na mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Kinachosifiwa Lamu kisiandikiwe notisi Malindi.

Sasa suala la maegesho, ambalo linatuumiza kuliko yote na ambalo tunaomba ulisikilize kwa makini. Anayetaka kuinua ghorofa mbili za vyumba vya kupangisha huambiwa aonyeshe nafasi za magari. Tuchukue ploti ya futi 50 kwa 100, ambayo ni karibu mita 465 za mraba. Gari moja, ukihesabu na mahali pa kugeuzia, linahitaji kama mita 25 za mraba. Magari kumi yanakula mita 250, zaidi ya nusu ya ploti, kwa ajili ya wapangaji wasio na magari, wanaoishi hatua chache kutoka steji! Mjenzi afanye nini? Ama hajengi, ama anajenga vyumba vichache vya kodi kubwa kwa wenye magari, na mhudumu wa hoteli anasukumwa nje ya mji, ambako akitoka zamu ya usiku hapati matatu tena na nusu ya ujira wake inaishia kwa tuktuk. Buffalo huko Marekani iliondoa masharti ya kima cha chini cha maegesho mwaka 2017. California ikatunga sheria mwaka 2022, inayokataza miji kulazimisha maegesho katika majengo mengi yaliyo ndani ya nusu maili, yaani kama mita 800, kutoka kituo kikubwa cha usafiri. Hayo ni majimbo na miji ya watu wenye magari tele. Sisi wenye miguu tunadaiwa maegesho kwa hesabu gani?

Wataalamu wa mipango ya miji huhesabu mita 400 kuwa mwendo wa dakika tano, na mita 800 kuwa dakika kumi. Tunaomba eneo letu lipimwe hivyo, lakini lipimwe kwa njia anayopita mtu, si kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, maana kuna vichochoro vilivyozibwa na kuta na mahali ambapo mtu analazimika kuzunguka. Na lipimwe mtu akiwa juani. Mita 400 za jua la Kaskazi saa nane mchana, bila mti wala kibaraza, zinamshinda mzee. Kwa hiyo kanuni imtake anayejenga kwenye barabara ya kuelekea steji aache kibaraza chenye kivuli mbele ya duka, kama walivyojenga babu zetu, na asikigeuze kuwa sehemu ya kupanga mitungi.

Tukisema makazi na biashara pamoja, hatumaanishi kila biashara. Ghala la mitungi ya gesi halifai chini ya vyumba vya kulala. Kadhalika kituo cha petroli, karakana ya kuchomelea vyuma na baa ya kukesha. Hilo la mwisho baadhi ya wanachama walilipinga, lakini wengi tuliona kwamba penye watoto na madrasa, muziki wa saa nane usiku hauna haki. Maduka ya rejareja, kliniki, vinyozi na wasusi, washonaji, hoteli za chakula, ofisi ndogo na shule za chekechea, hivyo viruhusiwe moja kwa moja kwenye ghorofa ya chini.

Kuhusu urefu wa majengo, msitupe namba ya ghorofa tu. Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu, na nyumba nyingi zinategemea mashimo na matangi ya maji taka huku majirani wakichota visimani. Maji ya bomba yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki hayafiki kila siku kwa kila mtu, ndiyo maana visima havijaachwa. Ghorofa nne zenye choo cha shimo ni kipindupindu kinachosubiri mvua za masika. Idadi ya watu watakaoruhusiwa kuishi kwenye ploti ifuate uwezo wa tangi na nafasi ya lori la kunyonya kuingia. Afadhali ghorofa mbili zenye tangi lililojengwa sawasawa.

Mheshimiwa, hapa tumefika penye uchungu. Hapa Pwani wengi wetu tuna nyumba lakini hatuna ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyosajili umiliki katika ukanda wa pwani wa maili kumi, viwanja vingi vikawa na mwenyewe mmoja na nyumba na mwenyewe mwingine, naye mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja mwezi baada ya mwezi, kizazi baada ya kizazi. Siku kanuni itakaporuhusu ghorofa karibu na steji, thamani ya kiwanja itapanda, na wa kwanza kuambiwa avunje nyumba yake aondoke atakuwa yule mama wa mahamri. Tungeipokeaje neema inayomtoa yeye? Sheria ya 2019 inaruhusu kibali cha ujenzi kitolewe kwa masharti. Basi sharti liwe hili: palipo na nyumba ya mtu juu ya ardhi ya mwingine, kibali cha kuongeza ghorofa kisitolewe mpaka pawe na maafikiano ya maandishi na mwenye nyumba, yenye kumpa chumba na fremu ya duka katika jengo jipya, au fidia aliyoikubali mbele ya mashahidi. Bila sharti hilo, tunaomba usitupelekee ombi letu mbele. Hilo tulilipigia kura, na hakuna aliyelikataa.

Tuna maombi mawili madogo. Rasimu yoyote ya kanuni ibandikwe pale steji, misikitini na makanisani, kwa Kiswahili na ikiwa na ramani inayosomeka, badala ya kukaa ofisini ikisubiri anayejua kuiulizia. Na mikutano ya kukusanya maoni isiitishwe asubuhi ya siku ya kazi, kwa kuwa saa hizo wanaohusika wako dirishani wanauza au wako barabarani.

Kikundi kwa upande wake kimeanza kuchora mtaa. Vijana wetu wamepita nyumba kwa nyumba wakiandika ni ipi ina duka, ipi ina wapangaji, ipi ina kisima, na tangi liko upande gani. Daftari hilo tutakukabidhi leo, nakala moja, na tutafurahi ukitwambia tulipokosea.

Mwisho, chai itakapokwisha, tunaomba usipande gari hapa getini. Dereva akusubiri steji, nawe utembee nasi. Tumechagua kupita upande wa mfereji usio na vifuniko, kwa sababu ndiyo njia ya watoto wa shule hii, na mwenye dirisha tulilolitaja amesema atakuwepo akujibu maswali mwenyewe.

Asante sana.

Risala hii imesomwa na katibu wa kikundi kwa niaba ya wanachama wote.