Barua ya wazi kwa vijana wa Ngamiani mnaokwenda Lushoto kwa pikipiki

Wajukuu zangu, asalaam aleikum.

Nimeisikia mipango yenu barazani: pikipiki sita, siku tatu, kutoka hapa Tanga kupitia Muheza, Korogwe na Mombo mpaka Lushoto. Nimefurahi. Mmeshahesabu mafuta, pa kulala, hata pa kupigia picha. Jambo moja tu limenikaa rohoni: katika siku zote tatu hamkuacha nafasi ya mtu msiyemjua.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 19. Mimi na mwenzangu tulishika njia hiyohiyo kwa baiskeli. Tulipoipita Hale, fremu yake ikakatika. Fundi wa kuchomelea alikuwa kwenye kambi ya shamba moja la mkonge, ambalo hapa sitalitaja, naye alikuwa safarini. Tukamngoja siku nne.

Mpaka siku hiyo mkonge kwangu ulikuwa mistari ya kijani inayopita dirishani mwa basi. Kambini nikaujua kwa pua na ngozi: harufu ya maji ya korona, ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, utomvu unaowasha mikono, miba ya ncha inayowinda jicho la mkataji. Aliyetupa pa kulala alikuwa mzee wa Kiha, aliyeletwa kutoka Kigoma enzi za mkoloni akiwa manamba. Ninyi neno hilo mmelisikia kama tusi. Lilitokana na namba: mtu huandikishwa kwao, akapewa namba, akasafirishwa mbali, akakata mkonge hadi kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kijae siku 30 za kazi ndipo alipwe. Mkataba wake ulipokwisha, mzee yule aliona haya kurudi mikono mitupu. Akaongeza mwingine, na mwingine. Uhuru ulimkuta palepale, na mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, bado alikuwa palepale. Vidole viwili vilikuwa vimeliwa na korona.

Usiku wa tatu akajua kuwa nimesoma. Akaomba nimwandikie barua kwao. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika kwamba sijafa."

Barua ile ilikaa mkobani mwangu miezi miwili. Nilimsimulia kila mtu mtaani habari za mzee yule, wakanisifu kwa huruma yangu, na barua yenyewe imelala bila stempu. Siku niliyoiona, nikitafuta kalamu, nilipata aibu ambayo haijanitoka hadi leo. Nikaituma. Jibu lilipokuja nikapanda basi nikampelekea, akataka nimsomee mara tatu. Nilipoinua macho, majirani zake walikuwa wamejipanga mlangoni, kila mmoja na wake wa kumwandikia.

Serikali ilikuwa imeutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kambini kisomo kilikuwepo, lakini jioni, wakati mikono ya wakataji imevimba haishiki penseli. Tuliomba darasa lihamie Jumapili asubuhi. Wakaja. Nilifundisha pale miaka sita.

Baadaye sana nilisoma habari za Ernesto Guevara, yule Che wa mapinduzi ya Cuba, wakati huo mwanafunzi wa udaktari wa Argentina, aliyeondoka mwaka 1952 na rafiki yake Alberto Granado kwa pikipiki moja, Norton. Ilikufa Chile. Wakaendelea kwa miguu na kwa kudandia malori, na hapo ndipo walipokutana jangwani na mke na mume wasio na hata blanketi, mume anatafuta kazi migodini baada ya kufungwa kwa siasa zake. Hayo aliyoyafanya baadaye watu wanabishana, na wabishane. Mimi naitazama ile pikipiki tu. Ingekuwa nzima, wangempita yule mtu kwa vumbi.

Kwa hiyo nawaomba, acheni siku moja tupu. Pikipiki ikiwagomea, msiharakishe kupiga simu mletewe nyingine. Ingieni, salimieni, ombeni maji. Picha iombeni, msiichukue tu. Na mkiahidi neno, hata dogo, litimizeni wiki hiyohiyo. Siku hizi barua haziandikwi sana, lakini mtawakuta wazee wasio na wa kuwasomea karatasi ya hospitali au kuwafuatilia mafao yao.

Kabla ya Ijumaa piteni kwangu niwaelekeze kambi yenyewe. Nimewatafutia daftari. Kalamu njooni nazo.

Babu yenu,
Ngamiani, Tanga