"Sanction": wafasiri wa habari watazame kwanza kinachotendewa

Mhariri,

Neno la Kiingereza "sanction", ambalo laweza kumaanisha kuidhinisha au, kinyume chake, kuadhibu na kuwekea vikwazo, linaendelea kuharibu habari zinazotafsiriwa kwa Kiswahili. Kosa lenyewe si la kufumbiwa macho, kwani hugeuza habari juu chini: mpango uliopitishwa na mahakama unaripotiwa kwamba umewekewa vikwazo.

Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini "sancire", yaani kulifanya jambo kuwa takatifu, lisiloweza kuvunjwa. Ukoo wake ni mmoja na "sanctus", mtakatifu. Katika sheria za Warumi, "sanctio" ilikuwa hasa kile kifungu kinachotaja adhabu ya atakayeivunja sheria. Basi idhini na adhabu zimelala kitanda kimoja tangu zamani: sheria inathibitishwa, na papo hapo inawekewa meno. Mwaka 1713, Kaizari Karl VI, mtawala wa Austria, alitoa "Pragmatic Sanction", na hiyo ilikuwa amri ya urithi, ndiyo iliyomfungulia njia binti yake Maria Theresa. Ukiiita kikwazo umepotea kabisa. Maana ya vikwazo baina ya mataifa ilishika kasi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Italia ikawekewa vikwazo hivyo kwa kuivamia Ethiopia mwaka 1935.

Mfasiri afanyeje? Likiwa kitenzi, atazame kinachotendewa. Kikiwa tendo, mpango, mkopo au mkataba, karibu kila mara maana ni kuidhinisha. Akiwa mtu, kampuni au nchi, ni kuadhibu au kuwekea vikwazo. "The court sanctioned the agreement": mahakama imeidhinisha makubaliano. "The court sanctioned the lawyer": mahakama imemwadhibu wakili. Kitenzi ni kilekile, mahakama ni ileile.

Likiwa nomino ya wingi, hasa likifuatwa na "on" au "against", ni vikwazo au adhabu. "With the sanction of" ni kwa idhini ya fulani, basi.

Panapoteleza zaidi ni pale neno linapokaa mbele ya nomino kama kivumishi. Katika michezo, "sanctioned race" ni mbio zinazotambuliwa na shirikisho, lakini "sanctioned athlete" ni mwanariadha aliyeadhibiwa. Kanuni ya kinachotendewa hufaa hapa pia, ila si kwa bidhaa: "sanctioned oil" ni mafuta yaliyowekewa vikwazo, si yaliyoruhusiwa. "Unsanctioned rally" nayo ni mkutano usio na kibali, na anayeandika "mkutano usio na vikwazo" amempa msomaji picha ya uhuru ambao haukuwepo.

Nashauri pia neno "vikwazo" libakie kwa hatua za kiuchumi, kidiplomasia na za kusafiri dhidi ya nchi, makampuni na watu wanaolengwa. Wakili aliyetozwa faini na mchezaji aliyefungiwa mechi tatu wameadhibiwa tu, na adhabu itajwe kwa jina lake: faini, kufungiwa, kusimamishwa.

Vichwa vya habari vya Kiingereza ni vifupi mno na mara nyingi huficha kinachotendewa. Hapo mhariri wa zamu asikipitishe kichwa cha Kiswahili kabla ya kusoma aya ya pili na ya tatu za habari yenyewe, maana ndizo kwa kawaida husema kama kuna kilichoruhusiwa au aliyeadhibiwa.

Mfasiri na msomaji wenu