Risala kwa Mgeni Rasmi: Maonyesho ya Karatasi za Bibi wa Kiukraine

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Klabu ya Historia inakushukuru kwa kuitikia wito na kuja kutufungulia maonyesho haya. Kabla hujakata utepe, tunaomba tukueleze utakachokiona mezani na namna ya kukisoma, maana karatasi hizi ukizisoma harakaharaka zinakupoteza.

Bibi tunayemwonyesha hatukumpa jina, kwa kuwa anawakilisha wengi. Ni msichana wa Ukraine wa miaka 17 au 18 aliyechukuliwa kwenda Ujerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akabaki kwenye kambi ya wakimbizi huko vita vilipokwisha, kisha akavuka bahari na kuzeekea Kanada, Marekani au Australia. Raia zaidi ya milioni 2 walitolewa Ukraine kwenda kufanya kazi ya lazima viwandani, mashambani na majumbani mwa Wajerumani. Treni za kwanza ziliondoka Kharkiv na Kyiv Januari 1942, na miongoni mwa waliopanda wamo walioamini mabango ya ajira. Habari za njaa na mateso ziliporudi vijijini, wa kujitolea wakakauka. Ndipo kila kijiji kikapangiwa idadi ya vijana wa kutoa, na watu wakawa wanakamatwa sokoni na kanisani.

Meza ya kwanza ina nakala ya kitambaa cha buluu chenye pindo jeupe na herufi tatu nyeupe: OST, yaani Mashariki. Amri ya Februari 1942 ilimlazimu akishone upande wa kulia wa kifua, kwenye kila vazi la juu, ili popote apitapo ajulikane. Aliyekutwa bila kitambaa hicho aliadhibiwa.

Meza ya pili ndiyo tuliyoihangaikia zaidi. Kuna karatasi mbili za mtu mmoja. Karatasi ya kazi ya Kijerumani inasema amezaliwa Poltava. Kadi ya kambi ya baada ya vita inasema amezaliwa karibu na Lviv. Mgeni rasmi, huo si uzembe wa karani. Februari 1945, huko Yalta, Uingereza na Marekani zilikubali kurudisha raia wote wa Umoja wa Kisovieti. Lakini walipofika kwenye utekelezaji, aliyekuwa anaishi upande wa Poland tarehe 1 Septemba 1939 hawakumhesabu kuwa raia wa Kisovieti, na Lviv wakati huo ilikuwa Poland. Poltava haikuwa, ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Waliorudishwa walipitishwa kwenye kambi za mchujo na kuhojiwa kama wasaliti waliomfanyia kazi adui. Kwa hiyo msichana wa Poltava alihamisha kijiji chake kwa kalamu, na kalamu hiyo ikamwokoa. Sisi hatumwiti mwongo.

Shida huja miaka hamsini baadaye. Mahali pale pa kubuni palimfuata hadi kwenye cheti cha uraia, na bibi wengi hawakuwaambia hata watoto wao. Mjukuu anaandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka ya Lviv, anajibiwa kwamba ukoo huo haupo. Kanuni yetu ni hii: anza na karatasi za Kijerumani za 1942 hadi 1945, kwa sababu zilijazwa kabla hajawa na sababu ya kuficha. Kwenye kadi ya kambi, tazama jina la mama kabla ya kuolewa, kisha shuka kwenye lugha, ambazo ziliandikwa kwa mpangilio wa anavyozimudu. Aliyesema ametoka Lviv lakini akataja Kirusi na kuacha Kipolandi, amekuachia dokezo.

Majina nayo yana mitego. Kravchenko kwa karani Mjerumani ni Krawtschenko, kwa Mpolandi ni Krawczenko. Halyna wa Kiukraine ni Galina kwa Kirusi, hivyo ukimkosa kwenye H mtafute kwenye G. Lviv yenyewe huandikwa Lwów, Lemberg au Lvov. Tarehe ya kuzaliwa ikipishana kwa siku 13 kamili usishtuke, ni kalenda ya zamani ya kanisa. Hifadhi ya Arolsen nchini Ujerumani imeweka mamilioni ya kadi hizi kwenye intaneti, na kutafuta ni bure. Andika jina la ukoo peke yake kwanza, na usisahau kufungua upande wa nyuma wa kadi, maana huko ndiko uhamisho wa kambi hadi kambi ulikoandikwa.

Meza ya tatu ni ya safari. Kambi kama za Regensburg, Augsburg na Mittenwald zilisimamiwa na UNRRA, shirika la misaada la Umoja wa Mataifa, na kuanzia Julai 1947 na IRO, shirika la kimataifa la wakimbizi. Blanketi lilitundikwa kuwa ukuta kati ya familia na familia. Kila nchi ilikuja na masharti yake: Ubelgiji ilitaka wachimba makaa ya mawe, Australia ilitaka mkataba wa kazi wa miaka 2, na sheria ya Marekani ya Juni 1948 ilitaka mtu awe na uhakika wa kazi na nyumba. Kilichokwamisha wengi ni picha ya eksirei. Kivuli kwenye pafu la mtoto mmoja, dalili ya kifua kikuu, kilisimamisha familia nzima. Meli ya kwanza chini ya sheria hiyo ya Marekani, General Black, iliondoka Bremerhaven tarehe 21 Oktoba 1948 ikiwa na abiria 813.

IRO hiyohiyo ilihudumia pia kambi ya Tengeru, karibu na Arusha, walikoishi Wapolandi wapatao 5,000. Wengi wao walitoka mashariki ya Poland ya zamani, ambako sehemu kubwa leo ni Ukraine. Makaburi yao yapo hadi sasa.

Mgeni rasmi, tuna maombi mawili. Kwanza, mashine ya kuskani, kwani picha za simu hazionyeshi maandishi ya penseli yaliyofifia, na mara nyingi penseli ndiyo yenye marekebisho. Pili, kifurushi cha intaneti cha kutosha saa 4 kwa wiki.

Tunaomba kuwasilisha. Karibu meza ya kwanza.