Somo la Alhamisi: mahali pamebadilika

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Alhamisi tutakutana ukumbi mdogo wa kanisa, saa 11:30 jioni. Tunasoma 2 Samweli 24, tauni iliyoua watu 70,000 siku za Daudi. Tukae zaidi kwenye mstari wa 16 na wa 24: Mungu anamzuia malaika penye uwanja wa kupuria wa Arauna, kisha Daudi anakataa kupewa bure, analipa shekeli 50 za fedha. Hapohapo ndipo Sulemani alipojenga hekalu (2 Nyakati 3:1). Sura hii hunigusa kila niisomapo.

1. Njooni na Biblia.
2. Chai: sh. 1,000, mpeni mhazini.

Tafadhali nijibuni "nipo" au "sipo" kabla ya Jumatano saa 2 usiku.